Sumu Moja, Nyoka Wengi: Baiolojia na Mageuko ya Sumu ya Nyoka na Mzigo wa Istilahi katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kazi za kibaiolojia za sumu ya nyoka na namna ilivyogeuka katika muda mrefu, kisha yanaonesha kwa nini suala hilo linawahusu wataalamu wa lugha na washauri wa sera katika nchi zinazotumia Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba sumu ya nyoka si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa protini unaotofautiana baina ya spishi, na wakati mwingine ndani ya spishi moja, kwa kutegemea mawindo na maadui wa nyoka husika. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama dawa iliyopo zahanati itamfaa mgonjwa. Neno sumu na maneno yanayoliandama, kama yanavyotumika katika Kiswahili cha huduma za afya, huificha tofauti hiyo. Makala yanapendekeza mahali pa kuanzia marekebisho.

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiganda anapoitaja sumu ya nyoka husema obusagwa. Anapoitaja sumu aliyotiliwa mtu katika chakula husema obutwa. Kinyarwanda na Kirundi nazo zina jozi ya namna hiyo. Ubumara ni ule wa nyoka, ingawa siku hizi Kinyarwanda hulitumia neno hilo pia kwa silaha za kemikali. Uburozi ni ule unaotoka mkononi mwa binadamu mwenye nia mbaya, na mzizi wake ni uleule wa kitenzi kuroga. Katika lugha hizi jirani, basi, mtu hawezi kuzungumzia sumu bila kwanza kuamua imetoka wapi.

Kiswahili kilichukua njia nyingine. Kililiazima neno sumu kutoka Kiarabu na kulibebesha yote: sumu ya nyoka, sumu ya panya, sumu ya kuulia wadudu shambani, sumu iliyo katika muhogo mchungu. Hata sumu inayotolewa na kuvu inayoharibu mahindi ghalani imepata jina lake humo humo, sumukuvu. Katika mazungumzo ya kila siku mzigo huo hauleti shida, kwa kuwa muktadha hufafanua. Methali isemayo kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka haikuhitaji kutaja ni nyoka gani.

Huduma ya afya haina anasa hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kwamba kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu mwilini. Vifo hukadiriwa kuwa kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Mwaka 2017 Shirika hilo liliyaweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Nchi za ukanda huu zinatarajiwa kuutekeleza mkakati huo kwa miongozo, vibandiko vya dawa na matangazo ya redio, na sehemu kubwa ya hayo itakuwa kwa Kiswahili. Kuandika maandishi hayo bila kuelewa sumu yenyewe ni kubahatisha.

2.0 Sumu ya nyoka ni nini

Wanabaiolojia hutenganisha sumu ya aina mbili kwa kigezo cha njia inayopita. Ipo inayomdhuru aliyekula au kugusa, kama ile iliyo katika ngozi ya baadhi ya vyura. Na ipo inayotengenezwa katika tezi maalumu na kuingizwa katika mwili wa kiumbe mwingine kwa jeraha, kwa kutumia chonge, mwiba au kichomeo. Sumu ya nyoka, nge na nyuki ni ya kundi la pili. Aghalabu sumu ya nyoka ikimezwa na mtu asiye na vidonda mdomoni wala tumboni huvunjwavunjwa na mmeng'enyo kama protini nyingine. Ni ikipita ngozi ndipo inapoua. Yupo nyoka wa Japani, Rhabdophis tigrinus, ambaye ana sumu zote mbili kwa wakati mmoja. Hula vyura wenye sumu na kuihifadhi sumu yao katika tezi za shingoni ili imdhuru atakayemla yeye, na wakati huohuo ana sumu yake mwenyewe inayopita katika meno. Kwa Kinyarwanda nyoka huyo angeweza kuelezwa kwa urahisi zaidi kuliko kwa Kiswahili.

Zaidi ya asilimia 90 ya sumu ya nyoka iliyokaushwa ni protini na peptidi. Baadhi ni vimeng'enya vinavyokata tishu, kuta za mishipa ya damu au protini zinazogandisha damu. Nyingine hazikati chochote. Hukaa tu juu ya kipokezi cha neva au mlango wa seli na kuuziba. Sumu ya spishi moja inaweza kuwa na makumi ya toksini za namna hii, kila moja ikiwa na shabaha yake. Hapa tayari istilahi inahitajika: sumu kwa mchanganyiko mzima, toksini kwa molekuli moja ndani yake. Maandishi mengi ya Kiswahili hutumia neno moja kwa zote mbili, na matokeo yake ni sentensi kama "sumu hushambulia neva", ambayo ni kweli kwa nyoka mmoja na si kweli kwa mwingine.

Mfano wa karibu ni koboko na kifutu. Sumu ya koboko (Dendroaspis polylepis) ina dendrotoksini kwa wingi. Hizi huziba milango ya potasiamu katika ncha za neva, hivyo neva humwaga kemikali zake za kupasha habari kupita kiasi. Pamoja nazo zimo toksini nyingine zinazoziba vipokezi vya misuli. Mgonjwa hulegea kope, hushindwa kumeza, kisha misuli ya kupumulia husimama. Jeraha lenyewe huenda likaonekana dogo, na familia ikadhani hatari imepita. Kifutu (Bitis arietans), ambaye jina lake linafanana na kitenzi kufutuka, huleta hali tofauti kabisa. Vimeng'enya vyake hubomoa tishu na mishipa midogo ya damu, kiungo huvimba, ngozi hutoka malengelenge na nyama huoza. Mgonjwa wa kifutu anaweza kuzungumza vizuri kwa siku kadhaa huku mguu wake ukielekea kukatwa.

Kwa fira mambo huwa magumu zaidi. Wapo fira wa msituni ambao sumu yao hupooza, na wapo fira watemao mate, kama Naja nigricollis, ambao wakiuma huozesha nyama na mara nyingi hawapoozi. Katika maeneo mengi majina fira na swila hutumika kwa kupokezana kwa nyoka hawa wote. Muuguzi akiambiwa "ni fira" hajaambiwa kinachomkabili.

3.0 Kazi za sumu

Kazi ya kwanza ya sumu ni chakula. Nyoka hana mikono wala kucha, na wengi wao humeza mawindo makubwa kuliko vichwa vyao. Kushikana na panya anayeng'ata au ndege anayepiga mbawa ni hatari kwa mwindaji. Sumu humwezesha kumaliza pambano kwa mguso wa nusu sekunde. Wengi wa jamii ya kifutu huuma na kumwachia panya papo hapo, kisha humfuata taratibu kwa harufu. Hapa sumu hufanya kazi nyingine ambayo haikutambuliwa mapema. Utafiti juu ya nyoka wa Marekani aitwaye Crotalus atrox umeonesha kuwa protini fulani za sumu yake, zisizoua, hubadili harufu ya panya aliyeumwa ili nyoka amtofautishe na panya wengine waliopita njia hiyo. Yaani ndani ya mchanganyiko uleule zimo molekuli za kuua na molekuli za kumtia alama aliyeuawa. Wapo pia wanaosema kwamba sumu huanza kumeng'enya mawindo kabla hayajamezwa. Ushahidi wa jambo hilo haujakubaliwa na wote.

Kazi ya pili ni kujihami, nayo ndiyo binadamu huikumbuka kwa kuwa yeye hapigwi kama mawindo. Ni jambo la kawaida kusikia kwamba nyoka amepewa sumu ili ajilinde. Biolojia haiungi mkono kauli hiyo kwa nyoka wengi. Sumu ya kujihami inapaswa kuuma mara moja, kwani adui asiyesikia maumivu hadi baada ya saa nzima amekwisha kumla au kumponda nyoka. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliowauliza watu wanaoshughulika na nyoka kuhusu maumivu waliyoyapata baada ya kuumwa. Kwa spishi nyingi maumivu makali hayakuja katika dakika za mwanzo. Koboko, anayeogopwa kuliko wote, anaua bila kuumiza sana. Hiyo ni sumu ya kuwindia ambayo binadamu amejikuta njiani mwake.

Fira watemao mate ni mfano wa kinyume, na kwa sababu hiyo wamechunguzwa kwa makini. Kutema sumu hakumsaidii nyoka kuwinda, panya hatemewi. Ni silaha ya kujihami tu, inayolengwa usoni na kufika umbali wa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilionesha katika jarida la Science kwamba uwezo huo ulizuka mara tatu kwa kujitegemea: kwa fira wa Afrika, kwa fira wa Asia, na kwa nyoka wa kusini mwa Afrika aitwaye Hemachatus haemachatus. Katika matukio yote matatu mabadiliko ya kikemikali yalikwenda njia moja. Fira wote wana toksini zinazotoboa seli. Fira watemao waliongeza kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2, ambacho kikikutana na toksini hizo huzifanya ziamshe neva za maumivu za jicho kwa nguvu zaidi. Kila kimoja peke yake hakina athari hiyo.

Swali la adui yupi aliyesababisha mageuko hayo limebaki wazi. Watafiti hao walipendekeza kwamba huenda walikuwa mababu wa binadamu, viumbe wa kusimama wima wenye kurusha mawe na fimbo, ambao wangeweza kumuua nyoka bila kumkaribia. Pendekezo hilo ni la kuvutia, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki lina ladha ya pekee, kwani mabaki ya mababu hao yamechimbuliwa Olduvai na kando ya Ziwa Turkana, nchi wanamotambaa fira hao. Hata hivyo ni dhana, na haifai kuingizwa katika vitabu vya shule kama jambo lililothibitishwa. Mkubwa kuliko wote katika kundi hilo, Naja ashei, alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007, kwa vielelezo kutoka Kenya. Kabla ya hapo wanasayansi wenyewe walimwita kwa jina la nyoka mwingine.

4.0 Ilivyogeuka

Toksini hazikutoka nje ya mwili wa nyoka. Karibu zote zina ndugu miongoni mwa protini za kawaida zinazofanya kazi za kila siku katika mwili wa wanyama wenye uti wa mgongo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kurudufiwa kwa jeni: jeni moja hunakiliwa kwa makosa na kuwa mbili, nakala moja huendelea na kazi ya zamani, na ya pili, kwa kuwa haitegemewi, huwa huru kubadilika. Ikianza kufanya kazi katika tezi ya mdomoni na ikamsaidia nyoka kukamata chakula, uteuzi asilia huishikilia na kuinoa. Vimeng'enya vinavyobomoa mishipa ya damu katika sumu ya kifutu vimetokana na familia ya protini ambazo mwilini hukata na kurekebisha protini nyingine juu ya seli. Toksini zinazozibia vipokezi vya misuli zimetokana na protini ndogo ambazo huratibu vipokezi hivyohivyo. Sumu, kwa maneno mengine, huujua mwili kwa sababu imetoka mwilini.

Ushahidi wa wazi kuliko wote ulipatikana mwaka 1988. Watafiti wa Japani walikuwa wametangaza kugundua endothelini, peptidi inayotengenezwa na mishipa ya damu ya mamalia na inayoibana mishipa hiyo kwa nguvu. Mwaka huohuo ilibainika kuwa toksini za nyoka wa chini ya ardhi wa jenasi Atractaspis, ziitwazo sarafotoksini, zinafanana nayo mno. Nyoka wa jenasi hiyo wapo pia Afrika Mashariki. Hupiga kwa kutoa jino upande bila kufungua mdomo, ndiyo maana mtu anayemshika nyuma ya kichwa akidhani amemdhibiti hujuta. Toksini yake hubana mishipa ya moyo kwa ufunguo uleule ambao mwili wa mgonjwa hutumia.

Lini mageuko hayo yalianza ni suala lenye mabishano, na mabishano hayo ni ya kiistilahi kwa sehemu kubwa. Mwaka 2006 Bryan Fry na wenzake walidai kwamba mfumo wa sumu ulizuka mara moja tu, yapata miaka milioni 200 iliyopita, katika babu wa pamoja wa nyoka na baadhi ya mijusi. Mwaka 2014 watafiti wengine walijibu kwamba jeni nyingi zilizohesabiwa kuwa za sumu zinafanya kazi katika tishu nyingine pia, hivyo kuziona katika mdomo wa mjusi hakuthibitishi kuwa mate yake ni sumu. Pande zote mbili zina data. Wanachotofautiana ni kipi kistahili kuitwa sumu. Mtaalamu wa istilahi anayedhani kwamba sayansi hukabidhi dhana zilizokamilika ili yeye azitafutie maneno anafaa kuusoma mjadala huu.

Baada ya kuzuka, sumu ilifuata mlo. Nyoka wa jenasi Echis, ambao wapo kaskazini mwa Kenya na katika ukanda mkavu wote hadi Afrika Magharibi na Asia, hutofautiana katika chakula: spishi nyingine hula panya zaidi, nyingine nge na wadudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kuwa zile zinazokula nge zina sumu inayoua nge kwa ufanisi zaidi. Spishi zinazofanana kwa sura, basi, zinaweza kubeba mchanganyiko tofauti kwa sababu ya kilichomo matumboni mwao. Pale ambapo mlo hauhitaji tena sumu, sumu hudhoofika. Nyoka wa baharini Aipysurus eydouxii alihamia kula mayai ya samaki, na jeni ya toksini yake kuu ikaharibika. Huku kwetu nyoka wala mayai wa jenasi Dasypeltis hawana sumu na karibu hawana meno. Badala yake wamebaki na maigizo: hukwaruza magamba yao kwa sauti inayofanana na ya Echis, na kwa sauti hiyo huwatisha maadui, au huwafanya wauawe na wanakijiji wasio na hatia ya kutojua.

Mawindo na maadui nao hawakukaa kimya. Nguchiro hupambana na fira, na sehemu ya siri yake imo katika kipokezi cha misuli ambacho toksini za fira hulenga: kipokezi chake kimebadilika umbo kiasi kwamba toksini haishiki. Nyegere, kalunguyeye na nguruwe wana mabadiliko pale pale katika kipokezi hicho, asidi amino moja ikiwa imebadilishwa na nyingine yenye chaji chanya, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa kila mmoja aliyapata kwa njia yake. Mnyama akijenga kinga, nyoka mwenye toksini iliyobadilika kidogo hupata faida, na mzunguko huanza upya. Ndiyo maana jeni za toksini ni miongoni mwa jeni zinazobadilika kwa kasi kubwa.

5.0 Dawa inayoijua sumu yake

Tofauti hizo zilikutana na tiba tangu mwanzo. Katika miaka ya 1890 Albert Calmette wa Ufaransa alitengeneza seramu kwa kumdunga farasi sumu ya fira wa Asia kidogo kidogo, kisha kuchukua kingamwili zilizoko katika damu ya farasi huyo. Aliamini kwamba seramu hiyo ingefaa kwa sumu za nyoka wote. Vital Brazil, daktari wa São Paulo, aliijaribu kwa nyoka wa Brazili na kuona haisaidii. Alionesha kwamba kingamwili hutambua toksini zilizotumika kuitengeneza na zile zinazofanana nazo kwa karibu, basi. Kituo cha Butantan kilichoanzishwa mwaka 1901 chini ya uongozi wake kilijengwa juu ya kanuni hiyo.

Kanuni hiyo haijapitwa na wakati. Kinachopitwa ni kumbukumbu yake. Nchini Ghana, hospitali moja ya vijijini ilibadilishiwa dawa ya sumu ya nyoka na kupewa nyingine iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa India. Nyoka anayeuma zaidi eneo hilo ni Echis, na India nayo ina Echis, lakini si spishi ileile. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2008 ililinganisha makundi mawili ya wagonjwa 66. Vifo vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Kwa mtu wa manunuzi, dawa zote mbili zilikuwa ni dawa ya sumu ya nyoka.

Mwaka 2014 mtengenezaji wa dawa moja ya Ufaransa iliyotegemewa sana Afrika aliacha kuizalisha, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Dawa iliyotengenezwa Afrika Kusini kwa muda mrefu inahusu nyoka kumi, wakiwemo koboko, kifutu na baadhi ya fira; haimhusu Echis, ambaye ana dawa yake ya peke yake. Kwa hiyo shehena moja ya dawa nzuri inaweza kuwa ya kufaa Morogoro na isiyofaa kwa mchungaji wa Turkana aliyeumwa na Echis. Hakuna kosa la utengenezaji hapo. Ni biolojia iliyoelezwa hapo juu, ikifika kwenye rafu ya zahanati.

6.0 Maneno yanayohitajika

Istilahi inayotumika zaidi mitaani kwa dawa hii ni dawa ya nyoka. Muundo wake una matatizo kwa mzungumzaji wa kawaida. Dawa ya mbu huua mbu, dawa ya panya huua panya. Dawa ya nyoka, kwa ulinganifu huo, ingekuwa ya kuua au kufukuza nyoka. Tena jina hilo tayari lina wenyewe: hutumika kwa mizizi, kwa chanjo za waganga, na kwa jiwe jeusi linalobandikwa juu ya jeraha kwa imani kwamba hunyonya sumu. Jiwe hilo haliondoi sumu, na muda unaopotea likisubiriwa ndio muda wa matibabu.

Baadhi ya waandishi hupendelea kiuasumu. Ni neno lililoundwa vizuri kimofolojia, lakini limechelewa. Viuavijasumu imekwisha kuenea kwa maana ya antibaiotiki, na mgonjwa aliyeandikiwa kimoja anaweza kudhani amepata kingine. Kingasumu nayo hubeba wazo la kinga, jambo linalotangulia madhara kama chanjo, ilhali dawa hii hutolewa baada ya sumu kuingia. Pendekezo la makala haya ni seramu, ikifuatiwa daima na jina la nyoka: seramu ya kifutu, seramu ya koboko, seramu ya Echis, na pale inapohusu wengi, seramu ya nyoka wengi, yenye orodha ya nyoka hao kwa majina ya kienyeji na ya kisayansi juu ya kibandiko. Dawa za leo husafishwa zaidi kuliko seramu ya Calmette, lakini neno hilo limeshajulikana hospitalini. Muundo wa seramu ya fulani humlazimisha mwandishi wa mwongozo, na afisa wa manunuzi baada yake, kujibu swali: ya nyoka yupi?

Majina ya nyoka yenyewe yanahitaji kazi ya pamoja ya mabaraza ya lugha na wanabaiolojia, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ni mahali panapofaa kuianzia. Kifutu huitwa bafe au moma kwingine. Tafsiri za mashine na baadhi ya machapisho ya shule hutoa "mamba mweusi" kwa koboko, na kumwacha mtoto wa Kigoma akitafuta mamba wa ziwani mwenye rangi nyeusi. Echis, ambaye kwa Kenya kaskazini ni suala la uhai, hana jina la Kiswahili lililoenea. Lugha za wafugaji wa huko zinamjua, na huko ndiko pa kuazima.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawatamjua nyoka aliyewauma, na hawapaswi kuhatarisha maisha kumfuata. Kwa hao, mwongozo unapaswa kuzungumza lugha ya dalili, na hapo Kiswahili kina maneno mazuri kuliko tafsiri nyingi zinavyoonesha: kope kulegea, sauti kukwama, kiungo kuvimba, fizi kutoka damu. Kipimo cha damu kinachopendekezwa kwa zahanati zisizo na maabara nacho hakihitaji mtambo. Damu kidogo huwekwa katika chombo safi na kikavu na kuachwa bila kuguswa kwa dakika 20. Ikiwa haijaganda, sumu inavuruga mgando wa damu. Chombo hicho lazima kiwe cha kioo, kwa kuwa ni kioo kinachochochea damu kuganda. Ndani ya plastiki, au ndani ya kioo kilichooshwa kwa sabuni, hata damu ya mtu mzima wa afya inaweza kubaki majimaji na mgonjwa akapewa seramu asiyoihitaji. Mwongozo utakaoandika "weka damu kwenye chupa" utakuwa umetumia neno ambalo siku hizi humaanisha plastiki mara nyingi kuliko kioo. Kinachotakiwa kuandikwa ni tyubu ya kioo, kavu, isiyooshwa kwa sabuni.